Tumekubaliana

Kabla sijawa mfanyabiashara nilikuwa mwalimu wa siasa, na kwa miaka mingi nilisimama mbele ya watoto wa sekondari mjini Njombe nikiwafundisha maana ya utawala wa wachache. Maana yenyewe ilikuwa rahisi. Utawala wa wachache ni makaburu. Nilichora ramani ya Afrika ubaoni, nikaipaka chaki sehemu ya kusini, nikawaambia pale kuna watu wachache wenye bunduki na mbwa, nao wanawatawala wengi wasio na kitu. Chanzo chake? Walikuja na meli, wakateremka na bunduki. Watoto waliandika, na kwenye mtihani aliyejibu hivyo nilimpa alama zote. Kisha makaburu wakatoka madarakani, somo la siasa likageuzwa uraia, mshahara ukabaki ule ule, nami nikaweka chaki chini nikaenda kuuza nguo sokoni. Nilijua nimeachana na mada ile moja kwa moja.

Nikaja kukutana nayo Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye meza ya chai.

Siku hizo Watanzania wa biashara tuliofika pale hatukuwa wengi. Tuliitana kwa miji tuliyotoka, huyu wa Kahama, yule wa Moshi, na mimi, kwa kuwa ualimu haumtoki mtu, niliitwa Mwalimu. Tulilala kwenye hoteli za bei poa nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu na mchana kutwa tulizunguka maduka ya jumla, wapagazi wakitupita na marobota migongoni na kutufokea kwa maneno tusiyoyajua ila tuliyaelewa, yaani toka njiani. Lugha tuliyoijua ya pale ilikuwa ya sokoni tu: laobani, ndiye bosi wa duka, na meyo, yaani hakuna, neno ambalo laobani alikupa kabla hujamaliza kuuliza.

Hakuna kati yetu aliyeweza kujaza kontena peke yake. Kwa hiyo tulishirikiana. Kila mtu alipeleka marobota yake kwenye ghala moja lililokuwa uchochoroni, akayapaka alama yake ya rangi, na kontena likijaa linafungwa na kupelekwa bandarini. Mzigo uliokosa nafasi ulisubiri kontena lijalo, na lijalo lilikuwa majaliwa ya Mungu. Linaweza kuja baada ya wiki mbili, linaweza kuja baada ya wewe kufilisika.

Sasa, nani anaingia na nani anasubiri? Hilo liliamuliwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mzee wa Mwanza, muuza redio, mpole mno, shati limenyooshwa pasi hata siku ambayo jasho linatutiririka sisi wote. Simwamini mwanamume mpole namna ile. Wa pili, Mama wa Arusha, wa viatu, aliyekuwa na tabia ya kukuangalia mkoba kabla hajakuangalia usoni. Wa tatu tulimwita Mkalimani. Alikuja kusoma uhandisi kwa ufadhili, akamaliza au hakumaliza, hakuna aliyejua, ila Kichina alikijua, na kwetu hiyo ilikuwa digrii tosha.

Watatu hawa hawakuitwa kamati wala viongozi. Waliitwa wenyewe. Ukiuliza kontena linafungwa lini, unajibiwa wenyewe hawajasema. Ukiuliza kwa nini mzigo wa fulani umeachwa, unaambiwa kawaulize wenyewe. Nami, niliyefundisha watoto kwamba cheo ni dhamana, nilijiuliza sana: mtu anakuwaje mwenyewe wa kitu ambacho si chake?

Mwaka ule nilikuwa na sweta za shule. Nilikuwa nimezitafuta kwenye soko la Shahe duka kwa duka hadi nikapata kiwanda cha kunifumia rangi niliyotaka, damu ya mzee, shingo ya V, mistari miwili ya njano mikononi. Zilikuwa za shule ya bweni ya wasichana kwetu. Mkuu wa shule ile tulifundisha pamoja zamani, na alikubali kuwaambia wazazi wanunue kwangu. Anayeijua baridi ya Njombe ataelewa. Lakini shule hufunguliwa Januari. Sweta ikifika kabla ya hapo ni mali. Ikifika Machi ni tambara, kwa sababu mzazi ameshamtafutia mwanawe nyingine, na hakuna shule nyingine inayovaa rangi ile na mistari ile. Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya marobota hayo, na jina langu kwa yule mkuu wa shule pia. Yakikosa kontena la Oktoba, nilikuwa nimekwisha.

Wasiwasi ulianza kwa kitu kidogo. Mama wa Arusha alikuja ghalani akayazunguka marobota yangu, akayabonyeza, akauliza kama sweta zinagandamizwa au zina tabia ya kufura. Nikamjibu. Akatabasamu, akaenda. Kesho yake nilimuuliza Mkalimani kama niko salama, akasema tutaona. Sasa mwalimu yeyote anajua tutaona ni jibu la namna gani. Ndilo tulilokuwa tukiwapa wazazi ambao watoto wao wameshafeli.

Nikaanza kuwafuatilia.

Kila asubuhi watatu wale walikwenda kunywa chai kwenye mgahawa mmoja ghorofa ya pili, karibu na ghala. Watu wa Guangzhou huanza kunywa chai alfajiri, wazee na magazeti yao, wanawake wakisukuma vitoroli vyenye vikapu vya mianzi, ndani yake maandazi ya mvuke na kamba waliofungwa kwenye unga mweupe. Mimi nilikaa nyuma ya nguzo na birika langu, nikajifanya nasoma karatasi za oda. Maneno yao sikuyasikia. Macho yangu ndiyo yalifanya kazi.

Nikaona jambo. Mzee wa Mwanza aliinua birika akawamiminia wenzake. Mama wa Arusha, bila kumtazama wala kukatiza alichokuwa akisema, alikunja vidole viwili akagonga meza, ko, ko. Mkalimani naye akagonga. Baadaye Mkalimani akamimina, Mzee akagonga. Wakazungumza kwa sauti ya chini, birika likainuliwa tena, vidole vikagonga tena. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, hali ilikuwa ile ile. Hoja inatolewa, birika linazunguka, vidole vinagonga, hoja imepita. Na asubuhi moja Mama wa Arusha alifunika kikombe chake kwa kiganja, hakugonga. Siku hiyo hiyo, mchana, yule bwana wa Kahama aliyekuwa na baiskeli za watoto aliambiwa mzigo wake usubiri. Nikajisemea, huyu ndiye mwenye turufu. Akifunika kikombe, mtu amekwisha.

Nilikuwa nimeipata siri yao, na sitasema uongo, nilifurahi. Kuna raha yake mtu kugundua kwamba alikuwa sahihi kuwashuku wenzake.

Chumba nilichangia na mwanamke mwenzangu, mama mmoja wa Singida, mnunuzi wa jinzi, ambaye alikuwa amekuja Guangzhou kabla yetu wengi. Mwanamke mnene, mcheshi, asiyeharakishwa na mtu. Nikamweleza habari ya vidole. Alicheka hadi kitanda kikalia. Kisha akasema: "Lisemwalo lipo, Mwalimu. Kama halipo, laja."

Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa likinikera zaidi ya vidole. Watu hawa walipataje nafasi hiyo? Nilikuwa nimewauliza wengi, na kila mmoja alinijibu neno moja: tuliwakuta. Wa Moshi aliwakuta. Wa Kahama aliwakuta. Kama milima vile, kila mgeni anafika na kuikuta. Lakini yeye wa Singida alikuwepo tangu mwanzo, hivyo lazima aliona.

Akaniambia alikuwepo ndiyo. Kontena la kwanza kabisa walilipakia wote pamoja, kila mtu anapiga kelele zake, huyu langu kwanza, yule langu juu, makuli wamekaa chini wanavuta sigara wakisubiri watu wakubaliane. Mara mvua kubwa ikaja. Watu wote wakakimbilia ndani ya maduka. Watatu walibaki uani, wakapanga, wakasimamia, wakafunga. Mvua ilipokatika wengine wakatoka wakawakuta wamelowa chapachapa na kontena limejaa. Wakawapigia makofi. Wakasema ninyi ndio mnafaa, endeleeni.

"Ndiyo hivyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo. Ilinyesha mvua, Mwalimu."

Sikukubali hata kidogo. Utawala hauanzi kwa mvua. Kuna kitu kilichofanyika chini kwa chini, mtu alimpa mwenzake kitu, mtu alimtisha mwenzake. Nilitafuta bunduki, na huyu mama ananipa mwavuli. Nikaanza kumshuku hata yeye, maana jinzi zake hazikuwahi kuachwa.

Siku chache baadaye Mkalimani alibisha hodi chumbani kwetu asubuhi. Alisalimia vizuri, akauliza afya yangu, akauliza habari za nyumbani. Kisha akasema: "Mwalimu, tumekubaliana sweta zisubiri kontena lijalo."

Nikamuuliza lijalo ni lini. Akasema likijaa. Nikamweleza habari ya Januari, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema anaelewa kabisa, ila ndivyo tulivyokubaliana, viatu vinachukua nafasi. Viatu vya nani hakusema, na hakukuwa na haja. Akaaga.

Nilikaa kitandani na lile neno. Kiswahili ni lugha tajiri, lakini kwa jambo hili kimetuacha masikini. Tumekubaliana inaweza kuwa mimi na wewe. Inaweza pia kuwa mimi na yule, wewe ukiwa umelala zako. Tu ni ile ile. Anayetamka hatoi maelezo, na anayesikia hushtuka amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliokubali. Na tu hiyo hiyo ukiipeleka nyuma ya neno inageuka kuwa peke yake: sisi tu. Miaka yote niliyofundisha utawala wa wachache sikuwahi kuona kwamba ulikuwa umekaa mdomoni mwangu, herufi mbili, ukisubiri. Nilikasirika.

Nikadai mkutano. Nilizunguka hoteli kwa hoteli nikiwaambia watu waje ghalani Jumapili mchana baada ya sala, na kwa kuwa watu wetu hawakosi palipo na ugomvi, walikuja. Walikaa juu ya marobota. Wenyewe watatu walikaa kama watu wengine, Mzee wa Mwanza amekunja mikono magotini.

Nilisimama. Sauti ya darasani ilirudi yenyewe. Niliwaeleza sweta, nikawaeleza Januari, nikawaeleza viatu. Kisha nikamgeukia Mkalimani: "Umekuja mlangoni kwangu ukasema tumekubaliana. Sisi nani?"

Hata makuli waliokuwa wakicheza karata mlangoni waliinua vichwa. Wa Kahama akasema hilo ni swali zuri, na yeye angependa kulijua jibu lake. Wa Moshi akaguna kwa kukubali. Niliona nyuso zikibadilika, watu wakiangalia wale watatu kwa macho mapya, na Mama wa Arusha akainamia mkoba wake. Nilikuwa nimewashika. Ningeketi hapo, mambo yangekuwa mengine.

Lakini mimi nina ulimi, na nilikuwa na siri yangu tamu. Nikaendelea. Nikasema msidhani watu hawa wanaamua kwa haki, wana ishara zao za siri, nimeziona kwa macho yangu. Nikainama juu ya kasha la mbao, nikakunja vidole viwili, nikagonga, ko, ko. Nikasema hivi ndivyo wanavyopiga kura kwenye chai. Na huyu mama akifunika kikombe, mzigo wako umekufa.

Kisha Mkalimani, taratibu kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi haudondoki, akasema: "Mwalimu, watu wa hapa wakimiminiwa chai huku wanaongea, hawakatizi maneno. Wanagonga meza. Ni asante tu." Akaongeza kwamba Mama ana vidonda vya tumbo, hawezi chai nyingi, ndiyo maana hufunika kikombe.

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Watu walicheka wakiegemeana, wa Kahama akafuta machozi, mmoja akaanza kugonga robota lake, ko, ko, asante Mwalimu, na wengine wakamfuata. Hata makuli walicheka bila kujua wanacheka nini. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, nami nikachutama juu ya robota la kwanza nililoliona. Mzee wa Mwanza peke yake hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alisubiri watu watulie, akasema kwa upole wake: "Pole, Mwalimu. Kumbe umekuwa ukibeba mzigo huo peke yako."

Kisha akasema kwamba kila mtu ana haki ya kuuliza, lakini tukumbuke wapishi wengi huharibu mchuzi. Hivyo kontena litafungwa Jumatano kama lilivyopangwa. Akatazama pande zote akasema basi, tumekubaliana. Na watu, bado wanahema kwa kicheko, wakaitikia tumekubaliana. Swali langu lilibaki pale sakafuni, wakalikanyaga wakitoka.

Jumatano kontena lilifungwa. Sweta zangu zilibaki ghalani pamoja na baiskeli za Kahama na mizigo ya wengine kadhaa. Nilimwambia yule mama wa Singida kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikakusudia asikie vizuri, kwa maana jinzi zake zilikuwa zimeingia kama kawaida. Hakukasirika. Alisema ana jinzi nyingine bado kiwandani Xintang, nje ya mji, na kwamba laobani wake kule ana ua mpana, anaweza kutuacha tupakie kontena dogo letu wenyewe kama tutapata watu wa kulijaza. Akasema angemwomba. Nikamshuku tena, nikawaza anataka nini kwangu, lakini Januari haikuwa na muda wa wasiwasi wangu.

Tukapatikana. Mimi, yeye, wa Kahama, na wengine walioachwa. Dakika za mwisho akaongezeka mwanamke wa Songea, safari yake ya kwanza, amefika baada ya ule mkutano wa ghalani, mkimya, mwenye sufuria na chupa za chai, ambaye alikuwa amesikia kuna kontena lisilo na wenyewe. Ndivyo tulivyolitangaza. Mimi ndiye niliyeapa kwamba safari hii hakuna neno litakalopita bila watu wote kulisema kwa mdomo wao. Tulikaa kikao juu ya jinzi. Kuchagua tu siku ya kupakia kulituchukua mchana mzima. Mmoja alikuwa na miadi, mwingine aliota ndoto mbaya, wa tatu alikubali halafu akakataa kwa sababu mtu asiyempenda amekubali. Kichwa kiliniuma. Lakini niliona fahari, nikajisemea penye wengi hapaharibiki neno.

Siku ya kupakia ilianza vile vile. Mizigo imejaa uani, kontena limefunguliwa, makuli wamekaa wanavuta sigara. Huyu chupa zake zisigandamizwe, yule baiskeli zake ziwe juu. Mimi nilitaka sweta zikae mlangoni, ziingie mwisho ili zitoke kwanza Dar es Salaam, zipande lori la Njombe bila kungoja. Kila mtu alitaka mlango. Tulikuwa bado tunabishana wakati anga la Xintang lilipogeuka rangi ya jinzi kuukuu na mvua ikaanza, mvua ya ghafla, isiyo ya msimu, matone mazito kama kokoto.

Watu walikimbilia kiwandani, chini ya paa, walikokuwa wasichana wa cherehani. Mimi nilianza kukimbia pia. Nikageuka nikaona marobota yangu uani, maji yakiteleza juu ya nailoni na robota moja limechanika pembeni, sufu ya damu ya mzee ikichungulia nje. Nikarudi. Mama wa Singida alikuwa tayari ameshika upande mmoja wa robota. Wa Kahama akaja akitukana baiskeli zake. Tukawaita makuli kwa mikono, tukawaonyesha, hili hapa, lile pale, jinzi chini, baiskeli pembeni, na hakuna aliyetuuliza kitu. Nilisema weka, wakaweka. Kazi iliyotushinda asubuhi nzima ilikwenda kama maji. Sweta niliziweka mlangoni.

Mvua ilipokatika milango ilikuwa karibu kufungwa na sisi watatu tumelowa hadi kwenye mifupa. Sufuria na chupa za yule wa Songea hazikuwa zimeingia. Zingeingia tu kama ningetoa robota la sweta, na sweta zilikuwa na Januari, sufuria hazina Januari. Nasema hivyo hadi leo. Wenzetu walitoka kiwandani, wakaangalia kontena, wakaanza kupiga makofi. Mmoja akanishika bega akasema: "Mwalimu, ninyi ndio mnafaa. Endeleeni ninyi."

Nilisikia makofi yale nikajua nimeshayasikia mahali. Sikuyasikia kwa masikio, niliyasikia nikiwa nimelala kwenye kitanda cha hoteli, mama mmoja akinisimulia. Nikamwangalia mama wa Singida. Alikuwa anakamua kitenge chake, hakuniangalia.

Nisimhangaishe msomaji: sweta zilifika. Ziliingia Njombe kabla shule hazijafunguliwa, na wasichana walizivaa asubuhi ya kwanza ya muhula, ukungu bado umefunika uwanja wa shule. Mkuu wa shule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa biashara, nilishinda.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na asubuhi iliyofuata, kule kule Xintang. Mifupa ilituuma, na mama wa Singida akasema twende tukanywe chai kidogo, sisi tu. Tulikaa watatu kwenye meza ya duara karibu na dirisha. Wa Kahama alichukua birika. Tulikuwa tunazungumza kwamba kontena lijalo tulipakie mapema zaidi, na kwamba si lazima kila mtu aitwe, watu wengi kelele nyingi. Sikumbuki nani alisema hilo. Ninaogopa kukumbuka vizuri.

Yule mwanamke wa Songea akapanda ngazi. Alisimama kando ya meza, akatusalimia mmoja mmoja, kwa adabu.

"Samahani, Mwalimu. Nimeambiwa mmekubaliana vyombo vyangu visubiri."

Hakusema tumekubaliana. Alisema mmekubaliana. Mama huyu hakuwa amesoma siasa, na lugha ambayo mimi niliilaumu kwa umasikini kwake ilikuwa na kila kitu kinachohitajika.

Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Nikaanza kumweleza kwamba hakuna aliyekubaliana na mtu, hakuna aliyepanga jambo. "Ilinyesha mvua, dada," nikasema. Nilimwona anavyonisikiliza. Nilikuwa nimelisikiliza neno hilo hilo kwa uso huo huo, midomo imebanwa, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu anayesubiri umalize ili aanze kutoamini.

Wa Kahama, asiyetambua kinachoendelea, aliinama akanijazia kikombe. Nilikuwa bado naongea. Nikagonga meza, ko, ko, nikaendelea na maneno yangu, kisha nikaona kwamba dada yule haniangalii tena usoni.

Alikuwa anaangalia vidole vyangu.